Uzio wa Minyaa na Jicho la Nyirasafari

Siku ya Rayhana ilianzia kwenye uzio. Kabla hata ya kuwasha jiko, alisogea hadi kwenye minyaa iliyotenganisha kiwanja chake na cha jirani, akaita:

"Mama Belyse, umeamuka?"

"Mi niliamuka zamani," Nyirasafari alijibu kutoka upande wa pili. "We njo unalala sana."

Hapo wote wawili walicheka. Mtaani kote Gisenyi ile ya juu, watu walijua kwamba Nyirasafari huamka kabla ya muadhini, ingawa yeye ni Mkatoliki na adhana haimhusu.

Nyirasafari alikuwa mjane na fundi cherehani. Binti yake, Belyse, aliolewa Goma. Nyirasafari alishona sare za shule na magauni ya harusi, lakini sifa yake kubwa ilikuwa tundu za vifungo. Alizishona kwa mkono, ndogo, safi, zote sawa. Wateja wa Goma walivuka mpaka pale Petite Barrière na vitambaa vyao kwa ajili ya tundu hizo tu.

Rayhana hakuwa na mama tena duniani. Miezi mitatu kabla ya mambo haya, alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Nyirasafari ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto. Ndiye aliyempikia uji na kufua nepi siku arobaini. Hakuombwa na mtu. Alipita tu penye pengo la uzio kila asubuhi, mkononi ana sufuria.

Basi tuuseme na uzio wenyewe. Minyaa ni miti ya vijiti vya kijani. Pale Gisenyi huitwa miyenzi. Ukivunja kijiti, unatoka utomvu mweupe unaofanana na maziwa. Utomvu huo unachoma, na ukiingia jichoni unaweza kulipofusha. Kila mtu analijua jambo hilo. Na kwa sababu kila mtu analijua, hakuna anayejisumbua kumkumbusha mwenzake.

Uzio ule ulikuwa haujapunguzwa kwa miaka. Ulipita kichwa cha mtu mrefu. Kivuli chake kilifunika bustani ya Rayhana, na mchicha wake ulikuwa mwembamba, wa kusikitisha.

"Mboga yangu inakufa," alimwambia mume wake. "Ile miyenzi utaikata lini?"

Mume wake, Mudathiru, aliendesha pikipiki ya abiria. Alikuwa mtu wa leo leo. Kazi akiikumbuka, anataka iishe kabla hajaisahau tena. Jumapili moja akachukua panga.

"Tumuambie Mama Belyse kwanza," Rayhana alisema. Alikuwa ndani, ananyonyesha.

"Iko kwenye misa. Akirudi atakuta kazi imeisha. Atafurahi."

Rayhana alitaka kusema neno jingine, lakini mtoto alilia, akaliacha. Neno hilo analijutia mpaka leo.

Mudathiru hakuwa mjinga. Alivaa koti la mikono mirefu na glavu. Kisha akavaa kofia yake ya pikipiki, ile ambayo watu wa huko huiita kasiki, akateremsha kioo chake mpaka kidevuni. Macho yake yakawa salama. Akaanza kukata. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma, ukielekea kwa jirani.

Siku hiyo Nyirasafari alikwenda misa ya kwanza, akarudi mapema. Alikuwa amekaa chini ya uzio, upande wake, anachambua maharage. Aliposikia panga aliuliza, "Nani iko anakata?" Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Masikio ya Mudathiru yalikuwa ndani ya kasiki. Basi Nyirasafari akasimama, akainua uso kutazama.

Tawi likamwangukia usoni.

Rayhana alisikia ukelele, akamlaza mtoto, akakimbia. Alimkuta Nyirasafari amepiga magoti katikati ya maharage yaliyomwagika, mkono umefunika jicho la kulia. Matone meupe yalikuwa shavuni.

"Inachoma, mutoto yangu. Inachoma kama pilipili."

"Usisugue. Ngoja. Mama yangu alinifundisha. Macho ikichoma, wanaweka maziwa ya mama."

"Hata mi najua ile," alisema Nyirasafari. "Weka. Weka haraka."

Rayhana alifungua nguo kifuani. Akamwinamia mwanamke aliyemlea siku arobaini, akamkamulia maziwa yake jichoni, tone kwa tone. Mudathiru alisimama kando, panga limening'inia mkononi, hajui pa kuliweka.

"Inapoa kidogo," Nyirasafari alisema baada ya muda. "Aksanti, mutoto yangu."

Rayhana alilia kwa furaha. Alidhani ameliokoa jicho.

Jumatatu jicho lilivimba. Jumanne lilifunga kabisa, likatoa usaha. Rayhana alikuja asubuhi, mchana na jioni na maziwa yake. Mchana mwingine alimtoa mtoto kwenye ziwa kabla hajashiba, ili maziwa yabaki ya Nyirasafari. Alipomwambia waende kwa daktari, Nyirasafari alikataa.

"Juu ya nini? Dawa si hii unanipa? Itaisha tu."

Jumatano alirudi Nyiraneza. Huyu alikuwa mshauri wa afya wa mtaa, mwanamke mnene wa sauti ya pole. Alikuwa Bugeshi tangu wiki iliyopita kwa msiba wa shangazi yake. Hata mzigo hakuushusha. Alisikia habari njiani akaja moja kwa moja. Aliliangalia jicho, kisha akamtazama Rayhana.

"Siku ile ile, mulimuosha na maji?"

Rayhana alitikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Tuliweka maziwa," Rayhana alisema. "Maziwa yangu."

Nyiraneza alivuta pumzi ndefu. Hakumgombeza. "Bon, haya. Bwana yako Muda alete moto, ile pikipiki yake. Tunaenda sasa hivi."

Kituo cha afya kiliwapeleka hospitali siku hiyo hiyo. Nyirasafari alilazwa wiki mbili na nusu. Daktari alisema kioo cha jicho kimepata kidonda, na vijidudu vimekwisha kuingia ndani ya kidonda. Vijidudu waliviua kwa dawa. Kidonda kikapona, lakini kikaacha kovu jeupe katikati ya jicho. Jicho la kulia la Nyirasafari lingetambua mchana na usiku. Basi.

Rayhana na Nyiraneza walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje daktari alipoondoka.

"Niambie ukweli," Rayhana alisema. "Ni maziwa yangu?"

"Utomvu njo ulianza."

"Nimekuuliza juu ya maziwa yangu."

Nyiraneza alimshika mkono. "Sitakudanganya, mama. Maziwa ya mama ni chakula muzuri ya mutoto. Lakini macho haikuli. Ile utomvu inataka kutoka, na maziwa ni matone tu, hayaiondoi. Mikrobi nayo inakuja kukula mu kidonda. Na siku zote tatu mulikuwa munangojea. Mungeosha na maji safi, saa ile ile, maji mingi, nusu saa nzima, halafu mukuje hapa siku ile ile, pengine angepona. Watu mingi wanaponaka."

"Maji ya bomba?"

"Maji ya bomba. Unamuinamisha kichwa, macho yenye iliumia inakuwa chini, ili ile ingine isipate utomvu. Unamufungulia macho na vidole. Unamwanga maji, unamwanga. Hapana kusugua. Hapana majani, hapana maziwa. Maji."

Rayhana hakulala vizuri kwa siku nyingi. Maziwa yenyewe yalipungua, na mtoto akalia. Ilimuuma kuliko kitu chochote kwamba alifanya vile kwa mapenzi. Kama angekuwa na chuki, angejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Nyirasafari alirudi nyumbani. Alipomimina chai, ilimwagika pembeni ya kikombe. Aliposhona, mashine aliiweza, mshono ukanyooka kwa mazoea. Lakini tundu za vifungo zilimshinda. Sindano ilikwenda pasipo pake. Alijaribu shati moja kwa siku mbili, akalifumua, akalikunja, akampelekea fundi mwingine. Rayhana alimwona akirudi mikono mitupu, akajificha nyuma ya mlango kwa aibu.

Mudathiru alikwenda kwa Nyirasafari jioni moja. Alikaa kwenye kizingiti kama mtoto aliyefukuzwa shule.

"Nilivaa kasiki," alisema. "Nilijua ile kitu ni mubaya, nikafunika macho yangu. Ya kwako sikuikumbuka. Nisamehe, mama."

"Nilikuita mara tatu, Muda."

"Sikusikia."

"Ungekuja kunibishia mulango mbele ya kuanza, nisingekuita." Akasogeza kiti. "Usikae pale chini. Kaa hapa. Kunywa chai, lakini jimiminie wewe."

Nyiraneza ndiye aliyesema kwamba uzio usiachwe nusu, matawi mengine yamekatwa na mengine yananing'inia. Aliwakusanya watu wa pande zote mbili, na Jolly, jirani wa nyuma, ambaye kona ya uzio ilimgusa.

"Uzio ni ya watu wote wenye wanaishi karibu," aliwaambia. "Donc, basi, musikate mupaka wote mukubaliane siku. Kwanza muangalie mpaka pamoja, kila mutu aone kwa macho yake."

Nyirasafari alicheka kidogo. "Moja itatosha?"

Hakuna aliyejua kama acheke au anyamaze. Nyiraneza alimgusa bega, akaendelea. Mpaka waliupima kwa kamba, wote wakishuhudia. Walichagua asubuhi, wakati upepo wa ziwa bado umelala. Siku ilipofika, watoto walipelekwa mbali. Kila aliyekata alivaa miwani na glavu, na Mudathiru alifunua kasiki kwenye masikio kila baada ya tawi moja, akiuliza, "Kuna mutu?" Matawi waliyaangusha upande wao polepole. Pembeni waliweka ndoo mbili za maji safi. Walipomaliza, walifukia matawi yote kwenye shimo, maana hata kijiti kilichotupwa njiani bado kina utomvu.

Mahali pa minyaa walipanda mibirizi, ile miti ya majani machungu ambayo watu huchemsha kama dawa ya tumbo. Haina utomvu wa kuchoma. Walikubaliana isipite kifua cha mtu, ili jua lifike kwenye mboga na majirani waonane. Waliacha nafasi ya kupita mtu mmoja na sufuria yake. Jolly peke yake alibakiza minyaa kwenye kona yake ya nyuma. Alisema ataing'oa mvua zikiisha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu walikaa kwa mkutano kama kawaida. Nyiraneza alimwomba Rayhana aseme. Rayhana alisimama, mtoto mgongoni. Alitazama chini muda wote.

"Nilimupenda," alisema, "na nikamuharibu. Musifanye kama mi. Muoshe na maji."

Akakaa. Hakuweza zaidi ya hapo.

Kabla mvua hazijaisha, mtoto wa Jolly, Isimbi, mwenye miaka mitano, alivunja kijiti cha minyaa kwenye ile kona akicheza, utomvu ukamrukia jichoni. Ukelele wake ulisikika nyumba zote tatu. Nyirasafari ndiye aliyefika wa kwanza. Alijikwaa mara mbili njiani, upande ule asiouona, lakini alifika wa kwanza.

Jolly alitoka jikoni, hajui afanye nini. "Rayhana, ungali na maziwa? Muwekee!"

"Hapana!" Sauti ya Nyirasafari ilimsimamisha kila mtu. "Maji. Rayhana, leta maji."

Rayhana alileta. Nyirasafari alimlaza Isimbi magotini, akamfungua jicho kwa vidole viwili. Rayhana akamwaga, polepole, kikombe baada ya kikombe. Mtoto alilia, akapiga mateke, akamng'ata Nyirasafari mkono. Hawakuacha. Ndoo ya kwanza iliisha, ikaletwa ya pili. Nguo za wote watatu zililowa. Baada ya nusu saa Mudathiru aliwapeleka kituo cha afya, Jolly amembeba mtoto.

Walirudi jioni. Jicho la Isimbi lilikuwa jekundu, lakini lilikuwa wazi. Daktari alitoa dawa ya matone, akasema litapona. Majirani walijaa uani kwa Jolly. Mudathiru alinyanyua vidole, Isimbi akavihesabu: viwili, vinne, kimoja. Watu wakapiga makofi. Jolly aliwashukuru wote, akaapa kwamba kesho hiyo hiyo minyaa yake itaondoka.

Rayhana aligeuka kumtafuta Nyirasafari, hakumwona. Akapita penye nafasi ya uzio. Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, gauni lake bado bichi, mikono mapajani. Tangu hospitali Rayhana hakuwahi kumwona akilia. Sasa alikuwa analia kwa macho yote mawili.

"Maji tu, Rayhana," alisema. "Ilikuwa maji tu."

Rayhana alikaa karibu naye kwenye ngazi. "Ndiyo, mama," alisema. "Ilikuwa maji tu."