Maji ya Koili

Pikipiki ilizimika katikati ya korongo, tairi la nyuma likiwa limezama mchangani, jua likiwa utosini. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilikata ghafla, na pori zima likanyamaza.

"Ah! Imeanza!" Lameck alifoka, akalipiga tangi kwa kiganja. "Shuka, dada. Shuka kwanza."

Raheli alishuka. Alikuwa mwanamke mwembamba anayekaribia miaka arobaini, amejitanda kitenge, na mkononi ana kikapu alichokikumbatia tangu walipoondoka mnadani. Alikwenda kukaa chini ya mgunga wenye kivuli cha kubahatisha, akakiweka kikapu katikati ya miguu yake, akamtazama dereva wake. Moyoni alisema: hapa hapa. Hangaika sasa, mwanaharamu wewe.

Na Lameck alihangaika kwelikweli. Alianza na mafuta. Alichomoa mpira kwenye koki, petroli ikachuruzika mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Mafuta yapo. Akafungua plagi, akaisugua kwa kipande cha msasa, akairudisha. Akapiga kiki. Kimya. Akavuta choki, akapiga kiki tena, na tena, mpaka shati likamganda mgongoni. Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo, akatema petroli, akafunga. Kiki. Wapi!

"Hivi hili lichombo lina nini?" alisema, akijifuta jasho. "Mafundi wote wa Makole wameshalifungua. Asubuhi wakiliwasha linaunguruma, wananiona mimi mwongo. Ikifika mchana, likipanda moto tu, linanigeuka. Mimi nasema lina shetani."

"Labda linamtaka mwenyewe," Raheli alisema.

Lameck alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote, akainama tena kwenye plagi.

Ugonjwa wa pikipiki ile Raheli aliujua vizuri, maana ameishi nao miaka kadhaa. Chini ya tangi kuna koili, kile kidude kinachopeleka moto kwenye plagi. Koili ile ilikuwa imezeeka. Ikipata joto inakata moto, ikipoa inafufuka. Yoramu, mumewe, bwana mifugo, alizunguka maduka yote ya spea Dodoma kutafuta nyingine, mpaka Dharmesh muuza spea akamwambia aache kujichosha, koili za namna ile hazitengenezwi tena. Basi Yoramu akaifunga kitambaa, akawa anasafiri na chupa ya maji, na kila baada ya mwendo anashuka kukilowesha. "Nampa mgonjwa dawa," alikuwa akisema.

Kiangazi kilichopita Yoramu aliingia pori hilihili kuchanja ng'ombe. Hakurudi. Walimtafuta mpaka miguu ikachubuka, hawakuona mwili, hawakuona pikipiki. Na midomo ya watu, jamani! Eti ameuza pikipiki akatoroka na mwanamke. Eti alimkimbia mkewe kwa sababu ya ulimi wake. Mama mkwe, Paulina, aliyameza maneno hayo yote bila kutafuna, na tangu siku hiyo Raheli hakuruhusiwa kukanyaga jikoni kwake. Mwanamke akakosa mume, akakosa kaburi, akakosa hata mtu wa kulia naye.

Halafu siku moja mnadani akasikia mlio wa pikipiki. Rangi ilikuwa nyekundu mpya, namba mpya, lakini mlio ule wa kukohoa resi ikiachiwa ulikuwa uleule, na kwenye keria palikuwa na kovu la kuchomelea alilolishuhudia mwenyewe likichomelewa. Aliuliza huku na huku kwa sauti ya kawaida. Mmoja aliambiwa na Lameck kwamba aliinunua Singida, mwingine kwamba ni urithi wa mjomba. Polisi angekwenda na nini? Raheli akaamua kumkamata mwizi kwa ugonjwa wa chombo chenyewe. Alimkodi ampeleke kwa ndugu zake ng'ambo ya pori, kisha akamchelewesha makusudi. Akasahau vitunguu, akarudi, akabishania mkeka, mpaka jua likapanda vya kutosha. Kikapuni alibeba dumu la maji ya kwenda na kurudi, yake na ya koili.

Alitaka kitu kimoja. Huyu mtu amwonyeshe Yoramu alipolala, na akaseme kwa kinywa chake mbele ya Paulina. Baada ya hapo afe, asife, shauri yake.

"Lameck," aliita.

"Naam, dada."

"Yoramu alikuwa mume wangu."

Spana ilimponyoka Lameck mkononi. "Yoramu gani?"

"Huyo ambaye siti yake umeikalia mwaka mzima. Yuko wapi?"

Mtu mwenye haya angepiga magoti. Lameck alitazama pori, akatazama pikipiki iliyokufa, halafu akatazama kikapu. Loo! Tabia ya mwizi ni ileile. Aliruka akalikamata dumu, Raheli akalikamata upande wa pili, wakavutana mchangani kama mafisi wawili na mzoga. Kifuniko kikafyatuka. Maji yakamwagika, mchanga ukayanywa yote mbele ya macho yao, na dumu lilipoinuliwa lilikuwa limebaki na mafunda machache tu chini.

Lameck alitimka. Alikimbia akifuata korongo, kandambili zikipiga visigino, akapotea kwenye miiba.

Hapo ndipo woga ulipomwingia Raheli kwa mara ya kwanza. Kwao kulikuwa mbali sana kwa mtu wa miguu. Alikuwa na mafunda machache na pikipiki moja. Akiyamimina kwenye koili sasa hivi, ataondoka, na kwa bahati jioni atakuwa ametoka porini. Na Lameck atabaki. Atakauka humuhumu alimopotelea Yoramu. Haki ingekuwa imetendeka, na Raheli alijisikia kutabasamu alipoiwaza, midomo ikapasuka.

Lakini Lameck akifa, atakufa na siri yake mdomoni. Raheli alimlaani yeye, mama yake na tumbo lililomzaa, kisha akabaki. Ili asiketi bure alifungua plagi. Ilikuwa imelowa petroli kwa yale makiki ya kijinga, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaianika kwenye jiwe. Koo lilimkauka mpaka kumeza mate kukawa kazi. Dumu hakuligusa.

Jua lilipoanza kuinama Lameck alirudi, akichechemea. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya kandambili na kuingia kwenye unyayo, damu imechanganyika na mchanga. Alianguka magotini mbele ya mgunga.

"Maji," alisema.

"Wapi?"

"Maji, dada, nakufa."

"Nimekuuliza, wapi?"

Lameck alilia bila machozi. Kisha akainua mkono, akaonyesha upande wa kusini. "Kilima kile chenye mawe. Chini yake."

Raheli alimwinua kwa kola, wakasaidiana kuikokota pikipiki mpaka kwenye ardhi ngumu. Akarudisha plagi. Akachana upindo wa kitenge, akapitisha kitambaa chini ya tangi, akakizungushia koili iliyokuwa bado ya moto kwa jua la mchana kutwa, akafungua dumu na kuanza kukimiminia maji taratibu. Lameck alipiga ukelele.

"Una wazimu! Hayo ni ya kunywa! Tutakufa, mwanamke!"

Alitaka kumrukia, mguu ukamkatalia. Raheli alimaliza kumimina, akalamba shingo ya dumu, akasubiri. Alipiga kiki ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikashika, na injini ikaunguruma kama siku ilipokuwa ya Yoramu.

Lameck alibaki mdomo wazi. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Panda."

"Kumbe ndiyo maana..." alianza kusema, na uso wake ukabadilika. Raheli aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Aliendesha yeye, akikwepa visiki na mashimo yaliyochimbwa na wanyama, vijiti vikimchapa magoti. Chini ya kilima, pembeni ya jiwe kubwa, Lameck alimgusa bega. Raheli hakuhitaji kuonyeshwa zaidi. Mabuti ya mpira yalikuwa pale, moja limesimama, moja limelala. Kulikuwa na mkanda, na kisanduku cha chanjo. Na mifupa, myeupe, mingine imeburutwa na wanyama kando kidogo. Mtu mzima, mume wa mtu, alikuwa amebaki kiasi cha kujaza kikapu.

Raheli aliketi chini akalia kwa sauti kubwa. Mwaka mzima alikuwa amezuia kilio hicho, maana humlilii mtu unayeambiwa yuko mjini anakula raha na mwanamke mwingine. Alilia mpaka kifua kikauma.

"Sema," alisema alipomaliza.

"Nilikuwa napita kwa miguu, natoka kutafuta asali," Lameck alisema, macho chini. "Nikamkuta ameanguka na pikipiki, mguu umevunjika. Akanipa ufunguo, akaniambia nikalete watu. Akanipa na chupa yake ya maji. Alisema, chukua, utayahitaji njiani."

"Akabaki na nini?"

"Hakubaki na kitu." Lameck alipangusa mdomo. "Nikayanywa, dada. Nilidhani ni ya kunywa. Mbele kule ikazimika. Nikapiga kiki mpaka nikachoka, nikalala porini. Asubuhi ikawaka, mchana ikafa tena. Nimefika kwa watu kesho yake jioni, nikajua ameshakufa."

"Ulijua, au uliomba iwe hivyo?"

Lameck aliushika unyayo wake wenye mwiba.

"Hata kama alishakufa, si ungesema tu? Tungekuja tukamzika. Mwaka mzima, Lameck! Watu wamemtukana mume wangu mwaka mzima na wewe unawasikia!"

"Niliogopa. Na nilikuwa sijawahi kumiliki chombo."

Raheli aliokota jiwe kwa mikono miwili, akalinyanyua juu ya kichwa cha Lameck. Yule mtu hakukimbia. Alifumba macho, akainamisha shingo. Raheli alisimama hivyo, jiwe likizidi kuwa zito. Haikuwa huruma iliyomzuia, mtu asimsingizie. Alitaka sana kulishusha. Ila mtu aliyepasuliwa kichwa hawezi kwenda kusema lolote kwa Paulina. Alilitupa jiwe pembeni.

"Mwokote," alisema. "Wote. Usiache hata kidole."

Alitandika kitenge. Lameck alitambaa kwa magoti huku na huku, akakusanya mfupa mmoja mmoja. Kitenge kilipofungwa Raheli alimfungia Lameck mgongoni, kama wanawake wanavyofunga watoto.

"Mbebe. Yeye alikuamini akakuacha uende. Leo utaondoka naye."

Pikipiki haikuwaka. Ilikuwa na joto, na kitambaa kilikuwa kimekauka kau. Raheli alikifungua, akamtupia Lameck.

"Kojoa."

"Nini?"

"Kojolea hicho kitambaa. Hukusikia? Maji mengine unayo?"

Lameck aligeuka nyuma ya jiwe, akakamua, akatoa matone meusi ya kuchekesha. Raheli alimnyang'anya kitambaa, akaenda upande wake akamalizia mwenyewe. Akakifunga kwenye koili, wakasubiri. Ikawaka. Ikaenda, ikazima. Wakasubiri, ikaenda tena. Walikojoa mpaka hapakuwa na cha kukojoa, ulimi wa Raheli ukavimba, na mara mbili akaona bwawa la Hombolo limelala mbele yake kati ya miti, na mizabibu kando. Lameck aliyumba akaanguka, mzigo ukiwa mgongoni. Raheli alimfunga kwenye keria kwa mpira wa kufungia mizigo. Giza lilipoingia taa haikuwaka, wakalala pale ilipozimika, kila mmoja upande wake wa pikipiki.

Alfajiri kulikuwa na baridi, na koili ilikuwa imepoa. Kiki moja tu.

Nyumba ya kwanza ukitoka porini upande ule ilikuwa ya Paulina. Bibi huyo alikuwa akifagia uwanja. Alipousikia ule mlio unamjia, fagio lilisimama, maana na yeye aliufahamu. Raheli aliisimamisha pikipiki mbele yake, akamfungua Lameck, akamsukuma mbele. Wote wawili midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani.

Paulina alilitupa fagio. Alikimbilia ndani, akatoka na kata ya maji kama inavyotakiwa kwa mtu atokaye safari.

"Mama, shikamoo," Raheli alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Huyu usimpe. Aseme kwanza."

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Lameck alipiga magoti, akafungua fundo la kitenge kifuani, akauweka mzigo chini mbele ya miguu ya yule bibi.

"Mama, huyu ni mwanao," alisema. "Nilimwacha akiwa hai."

Akasema yote. Mguu uliovunjika, chupa ya maji, kiki, woga, rangi nyekundu. Watu waliguna, mmoja akaokota fimbo. Paulina alisikiliza mpaka neno la mwisho, kata mkononi, wala tone halikumwagika. Kisha akampa Raheli maji kwanza, akimshikilia kichwa kwa mkono wake mwenyewe.

Raheli alipomaliza, Paulina alichota tena. Akamgeukia Lameck, akamwekea kata mdomoni.

"Wewe mwenye fimbo, weka chini," alisema. "Asiguswe na mtu." Kisha akamwambia Lameck, "Kunywa. Kunywa yote. Utakwenda kusema hivi polisi, utakwenda kusema mahakamani, utasema hata jela kila watakapokuuliza umefanya nini, mpaka uzeeke. Sitaki ufe."