Nduru ya Pili

Kila Jumamosi asubuhi, Scovia alimsaidia mama yake, Monicah, kuponda mawe yenye dhahabu. Walikaa na kina mama wengine kando ya barabara ya Kanyodero, soko dogo lililo upande wa Osiri ambako watu huchimba dhahabu. Mama aliponda kwa nyundo, Scovia akachekecha. Mchana, nyuso zao zikiwa nyeupe kwa vumbi, walinawa mikono wakala nyoyo, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja. Scovia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na aliionea fahari kazi ya mama yake. Mtoto yeyote darasani aliyethubutu kuicheka alijibiwa papo hapo.

Waliowakosesha raha ni vijana wa darajani. Hao hawakuponda wala hawakuchimba. Walishinda wamekaa kwenye ukingo wa daraja wakiwatupia wanawake maneno machafu, na jioni ikifika, gunia la mawe au simu ya mtu ilipotea. Kina mama walikwenda kituo cha polisi mpaka wakachoka. Siku moja waliambiwa gari halina mafuta, siku nyingine walete shahidi, siku nyingine afande anayehusika yuko mahakamani. Hata ungekuwa wewe, ungechoka.

Basi mwenyekiti wao, Nyarangi, mama mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, aliwaita wakapatana. Atakayevamiwa apige nduru, ule ukelele mrefu ambao sehemu hizo ukisikika, kila mtu huacha alichoshika na kukimbilia unakotoka. Mwizi akishikwa, hawatahangaika tena na polisi. Watamalizana naye wenyewe. Hakuna aliyeuliza kumalizana maana yake nini, na nyundo walikuwa nazo mikononi.

Jumamosi moja Monicah alimtuma Scovia apeleke simu ikatiwe chaji dukani kwa Sharif. Scovia alipita njia ya mkato kando ya shamba la miwa. Kabla hajafika mbali, mtu alimjia kwa nyuma, akampokonya simu na kutokomea kwenye miwa. Scovia aliona mgongo tu, na miguu isiyo na viatu. Akapiga nduru.

Wa kwanza kufika alikuwa Willis, kijana wa darajani mwenye mdomo mbaya kuliko wenzake wote. Juzi tu alikuwa amelipiga teke beseni la Monicah, mchanga wote ukamwagika, akacheka. Scovia alidhani amekuja kumcheka na yeye. Lakini Willis, akihema, alimuuliza mwizi amepitia wapi. Scovia akanyoosha kidole kwenye miwa, na Willis akatimua mbio kuelekea huko.

Umati nao ulitokea upande wa pili wa shamba. Waliona nini? Walimwona Willis wa darajani akikimbia baada ya nduru, na hilo liliwatosha. Scovia alipofika, Willis alikuwa ameangushwa chini, shati limechanika, watu wamemzunguka na nyundo ya kwanza imeshainuliwa.

Scovia alisimama nyuma ya migongo ya watu. Tuseme ukweli, hakumhurumia mara moja. Alilikumbuka lile beseni. Kama angenyamaza tu, pengine mama yake angepita darajani kwa amani. Kisha akauona uso wa Willis uliojaa vumbi na machozi, na miguu yake iliyovaa gambuti, viatu virefu vya mpira. Aliogopa sana. Alimwogopea Willis, na alimwogopea zaidi mama yake, ambaye naye alikuwa mbele ameshika nyundo.

Alisema kwamba si huyo. Hakuna aliyemsikia. Alivuta leso ya Nyarangi, akasukumwa kando. Basi akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, akapiga nduru nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, pale pale katikati yao.

Wote waligeuka. Hawakuwa na la kufanya, maana nduru ni nduru.

"Si Willis," Scovia alisema. "Aliyenipokonya simu hakuwa na viatu. Willis alikuja kunisaidia. Mimi ndiye niliyemwonyesha akimbilie huku."

"Hata kama si yeye leo, nyathina, mwanangu, huyu ametutesa," Nyarangi alijibu kwa hasira. "Hujui alivyomfanyia mama yako?"

"Najua. Lakini simu hakuiba."

Monicah alimtazama binti yake, kisha akaitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe. Akaiweka chini. Alipenya katikati ya watu, akaenda kusimama kando ya Willis.

"Mtoto aliyepiga nduru amesema," aliwaambia wenzake. "Anayetaka kumpiga kijana huyu, aanze na mimi."

Nyundo zikashuka moja moja. Willis alipoweza kuongea, alisema hata yeye alisikia nduru, akakimbia kama wao walivyokimbia. Aliongeza kwamba alimwona mwizi akitoka kwenye miwa na kuingia kibanda kilicho nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Kuna waliotaka kwenda huko na nyundo zao. Monicah alikataa. Walikuwa wamekosea mara moja siku hiyo, na hiyo ilitosha. Wakashika njia ya kituo cha polisi, kundi zima likiwa na vumbi lake, na Willis akichechemea mbele.

Sajini Zablon aliwapokea kwa maneno yale yale. Gari halikuwa na mafuta.

"Afande, sisi tumekuja kwa miguu, na wewe miguu unayo," Monicah alimwambia kwa upole. "Ulitaka shahidi, Willis huyu hapa. Hatuondoki mpaka twende pamoja."

Wakaketi. Waliketi ndani sakafuni, kwenye ngazi, hadi nje kwenye nyasi. Sajini aliwatazama, akajikuna shingo, akavaa kofia yake na kutoka nao. Kibandani walimkuta mwizi na simu ya Monicah, na nyuma ya mlango yakapatikana magunia ya mawe yaliyokuwa yamepotea. Mwizi alifikishwa mahakamani akiwa mzima, hana hata mkwaruzo. Wiki iliyofuata kina mama walirudi kituoni, wakaketi tena, mpaka mkubwa wa kituo akakubali askari wapite darajani kila jioni. Hadi leo wanapita, kwa miguu. Willis naye alimwomba Monicah msamaha, akapata kazi ya kubeba mawe kwenye karasha. Mdomo bado anao, lakini matusi ameacha.

Jumamosi iliyofuata ile ya nduru mbili, kina mama na watoto wao walipokuwa wakila, Nyarangi alisimama. Haikuwa kawaida yake kutafuta maneno, lakini siku hiyo aliyatafuta.

"Watoto, sikilizeni," alisema. "Sisi tulichoka na polisi, na tulikuwa na haki ya kuchoka. Lakini tulimkamata mtu kwa sababu tunamchukia, bila hata kuuliza amefanya nini. Karibu tuue. Mkiwa wakubwa, mkichoka na polisi, wasumbueni polisi mpaka wafanye kazi yao. Na mkijua ukweli, usemeni, hata kama unamwokoa mtu msiyempenda, na hata kama wanaokosea ni mama zenu."

Kisha akamwonyesha Scovia kwa kijiko, akauliza huyu mtoto ni wa nani, ingawa kila mtu pale alijua.

Monicah alisimama, vumbi jeupe limemjaa usoni, akasema kwa sauti iliyofika hadi darajani kwamba ni wake.