Namba Moja, Rafu Mbili

Walikutana kwenye kaunta ya vifurushi ya kampuni ya mabasi, siku ambayo foleni ilifika mpaka nje. Karani, mtanashati wa shati la bluu lililonyooshwa likanyooka, alikuwa akisoma faili refu kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, akitafuta kifurushi cha dada mwenye gauni la njano.

"Kaka, kwa kusoma huko nitazeekea hapa."

"Zeeka tu, mradi uzeekee mbele yangu."

Dada akacheka. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na baada ya wiki mbili alimwandikia moja. Ilisoma faili lile na kukata kila mstari penye nukta mbili: namba ya kifurushi ikawa ufunguo, rafu yake ikawa jibu. Ukiandika namba, rafu inatokea papo hapo. Foleni ikayeyuka, mapenzi yakanoga. Karani akawa anamwita Fundi wangu, akimpigia simu kabla hata hajapiga mswaki.

Siku moja Fundi alipita ofisini, akamkuta meneja akimpongeza Karani kwa kupandishwa cheo.

"Programu hii umeitoa wapi?"

"Nimeumiza kichwa mwenyewe, bosi," Karani akajibu. Alimwona Fundi mlangoni, akageuza macho.

Fundi alikuwa amekuja kumwambia kwamba programu ina kasoro: namba za vifurushi huanza upya kila mwezi, na ufunguo ukijirudia, mstari wa baadaye humfuta mwenzake. Marekebisho alikuwa nayo mkobani. Akaondoka nayo.

Tarehe mbili ya mwezi uliofuata simu ikalia.

"Fundi wangu, vifurushi vya mwezi uliopita havionekani kwenye mashine."

"Si umeiandika mwenyewe? Itengeneze."

"Mpenzi, watu wananizomea."

"Wakuzomee vizuri."

Akakata, akajitengenezea chai, akainywa taratibu kama anayelamba asali.

Kesho yake akavaa gauni jekundu, akaenda kushuhudia. Karani alikuwa amelowa jasho, shati limemganda mgongoni. Fundi alijipanga kwenye foleni, roho kwatu. Lakini mbele yake alisimama mama mmoja akipapasa ukingo wa kaunta. Alilalamika kwamba miwani yake imo kwenye kifurushi, na hii ni siku ya pili anarudishwa.

"Mwanangu, hata namba ya basi la kunirudisha nyumbani siioni."

Kisasi cha Fundi kilimlenga Karani, si huyu mama. Akazunguka kaunta.

"Inuka. Ila kwanza sema ukweli."

Karani alimtazama meneja aliyesimama nyuma yake, akaitazama foleni. "Programu si yangu. Aliiandika yeye. Nilidanganya."

Fundi akakaa, akaunganisha mwezi na namba ili ufunguo usijirudie, akalisoma faili upya. Rafu ya miwani ikatokea. Meneja akamshusha Karani cheo mpaka kubeba mizigo.

Asubuhi iliyofuata Karani alimpigia simu.

"Umefurahi?"

"Sana."

"Basi yameisha."

"Kwako. Mimi hasira ninayo bado."

"Naweza kuja hivyo hivyo, na hasira yako?"

"Njoo. Utakaa unisikilize mpaka nimalize, na leo nina mengi."

"Nimeshavaa viatu."