Kaimu wa Mbonea

Bibi harusi alipoingia ukumbini, kaimu wa Mbonea alisimama pamoja na wageni wengine, akapiga makofi mara kumi na mbili, akaketi. Alikuwa na sura ya Mbonea, kimo cha Mbonea, na hata ile shingo yake inayoinamia kushoto kidogo. Kilichomtofautisha na mtu ni utepe wa kijani kifuani, ambao sheria za jiji la Dodoma ziliwalazimisha makaimu wote wauvae, wasije wakadhaniwa binadamu. Hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kazini.

Kaimu ni mtambo unaokwenda shughulini kwa niaba ya mtu. Hupeleka salamu zake, hukaa kwenye kiti chake, na ukirudi nyumbani humsimulia yaliyojiri. Ndani yake mna ubongo-bandia usiozidi kiberiti kwa ukubwa, na mota mia mbili zisizotoa sauti. Aliyeubuni ni mhandisi Nakijwa. Wakubwa wenye ratiba zisizopumua waliushangilia sana, lakini Nakijwa hakuwabunia wao. Alimbunia mdogo wake, Mbonea.

Mbonea alikuwa na miaka thelathini na minane, na alikuwa na usonji. Spika zilimuuma kama jino bovu. Kutazamana machoni kulimchosha, na maswali ya mashangazi, utaoa lini, mbona umenuna, yalimlaza siku mbili. Nakijwa alikuwa akimwona anarudi hoi namna hiyo tangu utotoni, akaamini kabisa kwamba mdogo wake hapendi watu. Basi kwa jinsi alivyompenda akamtafutia njia ya kuwakwepa. Kumuuliza kama anaitaka hakukumjia akilini. Mapenzi nayo yana upofu wake.

Mwaka wa tatu tangu kaimu aanze kazi, Nakijwa alipigiwa simu na Kiangi, fundi aliyefanya kazi na Mbonea kwenye mitambo ya kuvuna umande vilimani. Kwa miaka tisa wawili hao walikula chakula cha mchana wakiwa wamekaa bega kwa bega juu ya bomba lilelile, maneno yao hayazidi kumi. Mbonea hakuwa na rafiki mwingine. Wiki hiyo Kiangi alikuwa amemzika mama yake.

"Dada Nakijwa," alisema, "harusi sawa. Hata ubatizo sawa. Lakini msiba wa mama yangu? Siku tatu nzima kaniwekea mtambo unachambua maharage. Mwambie nimeelewa. Nimeshaomba nihamishiwe kilima kingine."

Nakijwa alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mbonea. Mwenyewe alikuwa hajarudi kutoka kazini, akafungua kwa ufunguo wake. Alimkuta kaimu nyuma ya kabati, ana vumbi mpaka kwenye kope, na kila mkono umetundikwa shati. Alifungua kifuniko cha mgongoni akasoma kumbukumbu ya hatua. Hatua ya mwisho ilikuwa ya mwaka mmoja na miezi minne iliyopita.

Alisoma tena. Tangu wakati huo kaimu wa Mbonea alikuwa ameonekana kwenye harusi mbili, ubarikio mmoja wa kanisani na msiba huu. Ndipo akamkumbuka shangazi aliyelalamika kuwa kaimu huyo anajikuna akiumwa na mbu. Yeye, mhandisi mzima, alikesha wiki nzima akitafuta hitilafu kwenye mota za mkono.

Mbonea aliingia, akavua viatu, akakiona kifuniko kiko wazi.

"Ulikuwa wewe," Nakijwa alisema.

"Nilikuwa mimi."

Akaeleza akiwa ameutazama ukuta, jambo baada ya jambo, kama ilivyo kawaida yake. Siku moja kaimu aliishiwa chaji saa ya kutoka, na harusi ilikuwa ya binamu anayempenda. Akauchukua utepe, akajivika, akaenda. Hakuna aliyemkumbatia wala aliyemuuliza kwa nini yuko kimya. Alikaa karibu na ukuta, kelele zikizidi anatoka nje, akirudi hakuna anayemwambia ana maringo. Alikaa saa nne nzima, na njiani kurudi aliimba. Hakuwa amewahi kujua kwamba harusi ni kitu kitamu kiasi kile.

"Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?"

"Ulifurahi sana ulipoutengeneza. Ulisema nitapumzika kutokana na watu. Sikuwa nimechoshwa na watu, dada. Nilichoka kulazimishwa kuwa kama wao."

Nakijwa aliketi kitandani akalia, kwa aibu na kwa mapenzi vilevile. Alipojifuta machozi alimpa ujumbe wa Kiangi. Mbonea alikunjakunja ncha ya shati lake mpaka likakunjamana lote. Alidhani Kiangi anajua. Miaka tisa bega kwa bega, mtu angeshindwaje kumtambua? Nakijwa akasema ataenda kumweleza Kiangi, lakini Mbonea alikataa. Wa kumsemea walikuwa wametosha.

Walifika Nkuhungu, nyumbani kwa Kiangi, jua lingali juu, Mbonea bila utepe. Kiangi alifungua mlango akasimama palepale kizingitini, hakuwakaribisha.

"Aliyekaa msibani ni mimi," Mbonea aliuambia mwimo wa mlango. "Nilivaa utepe ili watu waniache nikae. Sikufikiri kwamba na wewe utadanganyika. Nimekosa, Kiangi."

"Siku ya pili," Kiangi alisema polepole. "Kule nyuma, jikoni. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kiangi akaushika mlango kama anayetaka kuufunga. Nakijwa hakuelewa, mpaka Kiangi mwenyewe alipomwambia, uso ameuinamisha. Siku ile ya pili alikuwa amechoka kuambiwa ajikaze, yeye ni mwanamume. Akajificha nyuma ya jiko, akaketi kando ya kaimu, na kwa kuwa mtambo haumcheki mtu, akaumwagia yote. Kwamba aligombana na mama yake. Kwamba mama alipiga simu mara ya mwisho, naye akaiona inaita akaiacha makusudi. Alilia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Kaimu hakumwambia kitu. Aliusogeza tu ungo wa maharage ukae katikati yao, wakachambua pamoja mpaka jioni.

"Mambo yale sijamwambia mtu," Kiangi alisema, na sauti ilikuwa na hasira ndani yake. "Mke wangu mwenyewe hajui. Niliuambia mtambo kwa sababu sikuwa na mtu."

"Ulikuwa naye," Mbonea alisema.

Kiangi alifunika macho kwa kiganja. Kisha aliunyoosha mkono amshike rafiki yake, ukafika nusu ya njia, akaushusha mwenyewe. Akasogea kando, akauacha mlango wazi.

Mbonea akaingia. Nakijwa alibaki barazani, kwa mara ya kwanza maishani mwake hana la kumfanyia mdogo wake, akawasikiliza wakivuta vigoda viwili na kuviweka sambamba kando ya ukuta.