Kina cha Maji Chini ya Depo

Haya yalimpata rafiki yangu Hortense, hapa Lubumbashi, na hapendi kuyasimulia. Kaka yake ana boti ya mizigo kule ziwani Kilwa, na mawimbi yalikuwa yameharibu skrini yake ya kupimia kina cha maji. Akamwomba amchagulie nyingine ngumu, yenye vitufe vinavyobonyezeka hata kwa glavu zilizolowa.

Katika depo ya Papa Lucien, ghala linalouza vifaa vya boti, Hortense alikuwa akiimwagia maji skrini moja ya betri ili kuijaribu, umeme ukakatika. Lucien akatoka kuwasha jenereta, akauvuta mlango wa chuma nyuma yake. Giza likajaa. Ndipo skrini ikaanza kulia, ti, ti, ti.

“Papa Lucien! Hii mashini iko napima maji!”

“Haiwezekane, mama,” Lucien akajibu kutoka nje. “Ile kintu ya kupimia, ya kutia mu maji, ingali mu kartoni!”

Hortense alikuwa amesimama juu ya saruji kavu. Lakini skrini ilionyesha maji marefu chini yake, na ndani ya maji hayo kitu kilichopanda kwa kila mlio. Akabonyeza kitufe cha kuzima. Haikuzimika. Milio ikakaribiana mpaka ikawa mlio mmoja usiokatika.

Kwenye skrini, kitu kile kilikuwa kimefika juu kabisa. Sasa alikisikia kikikwaruza saruji, chini ya viatu vyake.