Ngozi Niliyoitoa Kwenye Pikipiki ya Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, ni fundi cherehani hapa Buswelu, na mtaani kwetu wananisifu kuwa mke mwema. Sifa hiyo inanichoma! Naombeni mnisome mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Mume wangu, Magesa, alirithi kwa marehemu baba yake pikipiki ya zamani ya Kiingereza. Jamani, ile pikipiki! Kila Jumamosi alishinda nayo kuliko alivyokaa na mimi. Oili yake haikai ndani ya injini kama ya bodaboda. Ina tangi lake dogo chini ya kiti, na inapita kwenye mipira miwili kwenda na kurudi. Injini inatetemeka sana, kwa hiyo mpira ukigusa fremu unasagika polepole mpaka unatoboka. Magesa aliifunga mipira hiyo kwa ngozi, na kila wiki aliifungua, akaifuta, akaibonyeza kwa vidole kutafuta ufa, kisha akairudishia ngozi yake.

Siku moja ngozi ile ikachakaa. Mnajua alichukua ipi nyingine? Mkoba wangu! Mkoba wa kanisani, nilioununua kwa pesa yangu ya kwanza ya kushona. Ulikuwa umekatika mkanda tu. Yeye akaukata vipande bila hata kuniuliza, na nilipofoka akacheka.

"Mama Neema, si ulikuwa umeshautupa chini ya kitanda?"

Kile kicheko ndicho kilichoniuma...

Mwezi ule kazi ilimbana, akawa anafanya kazi hata Jumamosi. Nikajua hatakagua chochote. Asubuhi moja akiwa anaoga, nikachukua mkasi wangu wa kushonea, nikazitoa ngozi zote mbili, nikazitupa chooni. Nilitaka oili imchafue suruali, naye aonje uchungu wa kuharibiwa kitu. Basi! Naapa sikuwaza zaidi ya hapo. Na kila jioni aliporudi salama nilijiambia kwamba hakuna litakalotokea.

Halafu mama mkwe akaja kututembelea. Magesa akaenda kumpokea bandarini, kwenye meli ya kutoka Nansio, kwao Ukerewe, akampakia. Walikuwa wamekaribia nyumbani, kwenye kona ya mteremko, mpira ulipopasuka na oili kumwagikia tairi la nyuma. Pikipiki ikateleza. Magesa alichubuka tu, lakini mama alivunjika nyonga!

Hospitalini ndugu zake wote walikuwepo. Magesa akainamisha kichwa akawaambia kwamba bila shaka alizifunga ngozi vibaya zikadondoka, na kwamba hakukagua, na kosa ni lake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na chupa ya chai. Nikawamiminia chai.

"Baba yako alinibeba kwenye pikipiki hiyo miaka yote, sikuanguka hata siku moja," mama akamwambia. "Wewe umeshindwa kuangalia mipira tu?"

Tangu siku hiyo mama hakumsemesha tena. Tulimuuguza nyumbani kwetu. Magesa akimwamkia shikamoo, mama anatazama pembeni. Akimpelekea chakula, hali. Nikimpelekea mimi anakula, ananishika mkono na kuniambia kwamba mimi ndiye mwanawe. Mimi! Magesa aliiuza pikipiki ya baba yake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha akawa anakaa nje juu ya jiwe bila kusema na mtu. Mara ngapi nilifungua mdomo? Nikawaza ndugu zake watasema nini, nikaufunga...

Mama alizidi kudhoofika kitandani, kifua kikambana. Siku ya mwisho Magesa alipiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe."

Mama akageukia ukutani. Nilikuwa humo humo chumbani nikikoroga uji wake! Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha kumgeuza. Sikuitoa. Jioni ile akafariki.

Tulimzika Ukerewe. Baada ya matanga nikashindwa kuvumilia, nikamweleza Magesa yote. Nilitegemea kipigo, nilitegemea kufukuzwa. Kuhusu ngozi hakusema kitu kabisa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Siku ile nimepiga magoti, si ulikuwepo?"

Nikamjibu kwamba nilikuwepo. Akasimama, akatoka nje.

Bado tunaishi pamoja. Analeta mahitaji, anamcheka binti yetu Neema akifanya vituko, anaitikia nikimwita. Ila hajawahi kunitazama usoni tena, na nikipika uji anaondoka jikoni.

Wenzangu, hasira za nyumbani zisemeni kwa mdomo, msizimalizie kwenye chombo anachopanda mtu! Na kama kuna mtu anabeba kosa lako, nenda ukalichukue leo, mbele ya walewale wanaomlaumu, wangali hai. Mimi nilisubiri nikasema kweli yangu wakati mama mkwe ameshafukiwa. Ilimsaidia nini mume wangu?