Koti la Kompyuta

Kila asubuhi Fundi hufungua mlango wa mbele, na mkewe hufagia vipande vya vitambaa vya jana. Chumba chao cha kushonea kina cherehani mbili, meza kubwa ya kukatia, na kompyuta. Meza imejaa nguo, kwa hiyo kompyuta hukaa chini yake, sakafuni. Kioo chake tu ndicho kilicho juu. Wiki iliyopita Fundi aliishonea koti la jinzi zito ili isiingie vumbi. Koti liliikaa sawasawa, bila mwanya. Kwa mbele aliweka tundu dogo la kupitisha kidole na kubonyeza kitufe.

Mkewe huitwa Mama Pacha. Alijifunza kompyuta katika darasa la jioni, watoto wakiwa wamelala mapajani mwake. Alipohitimu aliingiza humo vipimo vyote vya wateja. Daftari la zamani Fundi alilichana kurasa, akakatia maumbo ya kola na mikono. Fundi cherehani hatupi karatasi.

Jumatano hiyo walikuwa na kazi kubwa: sare za wahitimu arobaini na wawili wa chuo cha uuguzi. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Wahitimu wenyewe walikuwa hospitali za mbali kwa mazoezi, na wangerudi asubuhi ya sherehe. Vipimo vyao vilikuwa ndani ya kompyuta. Havikuwa mahali pengine popote.

Mama Pacha alibonyeza kitufe. Kompyuta ikanguruma. Jina la Mama Pacha likatokea kwenye kioo. Kisha kioo kikawa cheusi. Kimya.

Akabonyeza tena. Safari hii kiduara cha kusubiri kilizunguka kidogo tu kwenye kioo, ikazima.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza, mkasi mkononi.

"Inawaka, lakini inazima kabla haijafunguka."

"Jana ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu."

"Kitu hakiharibiki chenyewe! Umeshika huku, umeshika kule, sasa umeiua."

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri kujaribu nguo. Fundi akawageukia.

"Jamani, ninyi ni mashahidi. Mimi nilikuwa na daftari. Daftari halizimi!"

"Daftari ulilichana wewe," alisema Mama Pacha.

"Nililichana kwa sababu uliniambia kila kitu kimo humo!"

"Leo tutavaa maneno," mteja mmoja alimnong'oneza mwenzake.

Fundi aliinama, akaipiga kompyuta kofi la ubavuni. Akabonyeza kitufe. Ikazima. Akaipiga tena. Akabonyeza mara tano, mara sita, jasho likimtoka. Mama Pacha alisimama mikono kiunoni. Machozi yalimjaa, lakini hayakuwa ya huzuni. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

"Ipige! Ipige vizuri, labda itataja vipimo!"

Kelele zilivuka barabara. Dada mmoja jirani yao hutengeneza redio, simu na kompyuta, na watu humwita Bisibisi. Aliingia akifuta mikono.

"Nani anapigwa humu?"

"Kompyuta," walijibu wateja kwa pamoja.

"Shemeji, toa mkono!" Bisibisi alifoka. "Hii si punda. Ndani yake mna diski inayotunza kazi zenu. Ukiitikisa namna hiyo, ndipo vipimo vitapotea kweli. Na acheni kuiwasha. Chomoa waya ukutani."

Fundi alitoa mkono. Mama Pacha akachomoa.

"Mama Pacha, niambie. Leo mara ya kwanza ilifika wapi?"

"Ilifika kwenye jina langu, dada. Mara ya pili ilifika kwenye kiduara. Sasa hata kiduara hakionekani."

"Na kabla ya leo?"

"Tangu Jumatatu inanguruma kama kinu. Nilimwambia Fundi, akaendelea kushona."

"Umenisaidia sana. Kama tatizo ni programu, mara nyingi hukwama palepale kila inapowashwa. Hii ikiwa imepoa inafika mbali, ikiwa ya moto inazima mapema. Haya, iguse."

Mama Pacha alipitisha mkono chini ya koti. Akautoa haraka.

"Moto kama pasi!"

"Na hili vazi ni la nini?"

"Koti," Fundi alisema, kifua mbele. "Vumbi haliingii hata chembe."

"Hata hewa haiingii. Shemeji, umemvalisha mtu jinzi, ukamziba pua, kisha unampiga kwa sababu amezimia!"

Wateja walicheka. Fundi hakucheka.

Bisibisi alieleza. Kompyuta ikifanya kazi hutoa joto. Ndani kuna feni ya kulitoa. Joto likizidi, kompyuta hujizima ili isiungue. Walichomoa printa na flashi pia. Kitu kilichochomekwa nje huweza kuizuia isiwake, kwa hiyo huondolewa, kisha hurudishwa kimoja kimoja.

Waliivua koti, wakaiacha ipoe nusu saa. Bisibisi akaifungua ubavuni. Feni haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na nyuzi na manyoya ya vitambaa, mazito kama blanketi.

"Hizi si za wiki moja," alisema. "Ni miezi ya kukaa chini ya meza ya kukatia. Koti limemalizia tu."

Fundi aliinama apulize.

"Usipulize! Mate yataingia. Leta brashi laini, kavu."

Bisibisi alizuia feni kwa kidole isizunguke, Mama Pacha akasafisha polepole. Waliifunga, wakaiweka juu ya kiti, bila koti, na kurudisha waya ukutani. Mama Pacha akabonyeza. Kiduara kilizunguka. Jina lake likaja. Kisha picha ya pacha wake ikajaa kioo.

"Sasa usishone kwanza," Bisibisi alisema. "Nakili."

Mama Pacha alichomeka flashi, akanakili vipimo vyote. Kisha akarudisha printa, akachapa orodha kwenye karatasi. Majina arobaini na mawili. Bisibisi aliwaambia wasafishe feni kila baada ya miezi mitatu, waya ukiwa umechomolewa, na kila kazi mpya ikae mahali pawili.

Fundi alitandaza kitambaa cheupe, akashika mkasi.

"Namba moja," alisema.

Mama Pacha alikaa na orodha mkononi. Hakusoma.

"Namba moja, mama! Siku zimekwisha."

"Umeniita muuaji mbele ya watu. Watu bado wapo."

Fundi alitazama benchi. Wateja walitazama dari. Aliuweka mkasi chini.

"Jamani," alisema, sauti ikikwaruza. "Mke wangu hakuharibu kitu. Koti nilishona mimi, daftari nilichana mimi, na makofi yalikuwa yangu. Naomba radhi."

"Na nani alisema inanguruma tangu Jumatatu?"

"Wewe ulisema. Sikukusikiliza."

Mama Pacha alikunjua karatasi. Hasira haikuwa imekwisha yote, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Namba moja," alisoma. "Kifua, thelathini na sita."

Mkasi ukaanza kukata. Ijumaa jioni sare zote arobaini na mbili zilining'inia ukutani, zimepigwa pasi, kila moja na jina la mwenyewe.